Beringi ya gurudumu la mbele inayokufa mara kwa mara kwenye pikapu

Msomaji mmoja ana pikapu inayovuta kwa magurudumu manne. Ndani ya mwaka mmoja amebadilisha beringi ya gurudumu la mbele upande wa kushoto mara mbili, na sasa mngurumo umerudi. Fundi wake anamshauri anunue beringi ya bei ya juu zaidi, na dereva mwenzake anamwambia kwamba grisi ilikuwa chache. Gari lake hubeba mzigo mzito karibu kila siku, hupita kwenye matope na kuvuka vijito, na limefungwa matairi na rimu pana kuliko zile za kiwandani. Anauliza mambo mawili: je, anunue hiyo beringi ghali, na je, ekseli ya mbele ihudumiwe kila baada ya kilomita ngapi?

Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza ni hapana, angalau si kwa sasa. Beringi ya habu, yaani ya kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa vizuri na kufungwa vizuri huweza kutembea zaidi ya kilomita 100,000, na hata ile ya bei ya kati haina sababu ya kufa ndani ya miezi michache. Inapokufa mapema, tena upande uleule kila mara, kuna kitu jirani yake kinachoiua: sili (mpira unaoziba habu), maji, spindeli (mhimili ambao beringi hukaa juu yake) iliyochakaa, namna ilivyofungwa, au uzito uliohamia mahali ambapo haukukusudiwa kukaa. Beringi ghali ukiiweka katika mazingira hayohayo nayo itakufa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta muuaji, na ununuzi ufuate baadaye.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba mngurumo huo ni wa beringi kweli. Sauti ya beringi hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari, haifuati mzunguko wa injini. Ukitoa gia ukiwa kwenye mteremko salama na sauti ikaendelea vilevile, injini haihusiki. Ukikata kona pana kwenda kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto, na mngurumo ukizidi hapo una sababu ya kushuku kushoto. Lakini hiyo ni dalili tu, wala si hukumu, kwa sababu zipo beringi zinazonguruma zaidi pale zinapopunguziwa uzito. Matairi yaliyolika kwa mawimbi nayo hutoa sauti inayofanana mno na ya beringi, na matairi mapana yenye meno makubwa kama yako ndiyo hudanganya zaidi. Hamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, kisha endesha barabara ileile kwa mwendo uleule. Sauti ikihama pamoja na matairi, beringi haina kosa.

Baada ya hapo inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Shika tairi juu na chini, ulivute na kulisukuma kwa zamu. Kisha lishike kushoto na kulia ufanye vivyo hivyo. Mchezo, yaani kulegea, unaoonekana kushoto na kulia tu mara nyingi ni wa tairodi au sehemu nyingine za usukani. Mchezo wa juu na chini unaweza kuwa wa beringi, lakini pia unaweza kuwa wa boljointi (kiungo cha tufe kinachoshikilia nako), au wa beringi za nako, yaani kile chuma kinachobeba habu na kugeuka pamoja na usukani, ikiwa gari ni la ekseli nzima (bomba moja gumu linalounganisha magurudumu mawili ya mbele). Njia ya kuvitenganisha ni nyepesi: mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukilitikisa tairi. Breki inaposhika, habu na nako huwa kama kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukitoweka ulikuwa wa beringi, na ukibaki palepale, beringi unayotaka kuibadilisha kwa mara ya tatu huenda haina tatizo lolote. Halafu zungusha tairi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umegusa springi au nako. Beringi iliyoanza kumomonyoka hupeleka mkwaruzo mwembamba kwenye springi, na vidole huuhisi mapema kuliko sikio linavyousikia.

Dalili nyingine ambayo watu wengi huifasiri vibaya ni breki inayozama kwenye mkanyago wa kwanza na kuwa sawa kwenye wa pili. Habu yenye mchezo huiyumbisha diski, diski ikasukuma pedi na pistoni ya kalipa (chombo kinachobana pedi) kurudi nyuma, na mkanyago wa kwanza ukaishia katika kuziba pengo hilo. Wapo wanaotoa hewa kwenye mfumo wa breki mara tatu au nne bila kupata nafuu, na tatizo lilikuwa kwenye nati ya habu.

Sasa lazima ujue gari lako lina ekseli ya aina gani, maana matunzo yanatofautiana sana. Pikapu nyingi za kisasa zina habu ya kipande kimoja iliyofungwa kwa boliti kwenye nako, au beringi ya safu mbili iliyoshindiliwa ndani ya nako. Hizo zimejazwa grisi na kuzibwa kiwandani, hazifunguliwi wala haziongezwi grisi, na zikichakaa hubadilishwa nzima. Pikapu za muundo wa zamani, na nyingine za kazi nzito ambazo bado zinatengenezwa, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zina beringi mbili za rola katika kila habu, moja ndogo nje na moja kubwa ndani. Beringi hizo hupakwa grisi kwa mkono na kurekebishwa kwa nati. Rola zake zimechongoka kidogo upande mmoja, kwa mtindo ambao Henry Timken aliusajili Marekani mwaka 1898 alipokuwa akitengeneza magari ya farasi, na umbo hilo ndilo linaloziwezesha kubeba uzito wa juu na msukumo wa pembeni kwa pamoja. Ushauri wa dereva mwenzako kuhusu grisi una maana kwenye aina hii ya pili pekee.

Utakapoifungua ya sasa, nakusihi usiitupe beringi iliyokufa. Ioshe kwa mafuta ya taa, uikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, uipeleke penye mwanga mkali na kuigeuza polepole. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili ikauke haraka. Beringi isiyo na kilainishi ikizungushwa kwa kasi hiyo huharibika, na rola zinaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu. Kagua njia ya rola kwenye kikombe, yaani ile bangili ya nje iliyoshindiliwa ndani ya habu, kisha kagua rola zenyewe na koni, yaani bangili ya ndani.

Chuma kilichogeuka rangi kuwa cha kahawia au bluu kimepata joto kali, na joto hilo hutokana na nati iliyokazwa kupita kiasi, grisi iliyokwisha au isiyofaa, au breki inayobana bila kuachia. Mistari myeusi au ya kutu iliyopangana kwa nafasi sawa na zile za rola ni alama ya maji yaliyotulia ndani gari likiwa limeegeshwa. Vishimo vidogo vilivyotawanyika bila mpangilio, juu ya uso uliofifia na kuwa kijivu, vimeletwa na mchanga na uchafu. Mabonyeo yaliyopangana kwa nafasi za rola, ambayo hayana kutu, yanatokana na pigo, liwe la shimo barabarani au la nyundo ya fundi siku ya kufunga. Vipande vikimomonyoka upande mmoja tu wa kikombe, tafuta kikombe kilichokaa upande, au uchafu ulionaswa nyuma yake. Na ukiona vialama vidogo vya kuungua pale rola zinapogusa njia, uliza kama gari liliwahi kuchomelewa: umeme wa kuchomelea, ukipita kwenye beringi ili kuifikia waya ya kurudishia iliyofungwa mahali pasipofaa, huunguza nyuso za chuma ndani ya muda mfupi sana. Pikapu huongezewa vyuma kila wakati, kuanzia mabomba ya kubebea mizigo hadi kulabu za kuvutia, na mchomeleaji asipofunga waya hiyo karibu na anapochomelea, beringi ndizo zinazoumia.

Kwa maelezo uliyotoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni maji. Habu ya gari lililotembea na kufunga breki huwa ya moto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Gari linapoingia kijitoni, habu hupoa ghafla, hewa husinyaa, na mvuto unaotokea huyafyonza maji kupita kwenye mdomo wa sili. Sili mpya huyazuia kwa kiasi kikubwa, ila iliyozeeka hushindwa. Hapa ndipo matengenezo mengi yanapokosewa: beringi hubadilishwa, sili ya zamani ikarudishwa kwa sababu inaonekana nzima. Sili ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na beringi, na haipaswi kurudishwa hata siku moja. Ukishaitoa, pitisha kucha mahali mdomo wake unapokaa kwenye spindeli. Kucha ikinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili zilizotangulia, hata sili mpya itavuja hapo, na dawa yake ni kubadilisha spindeli au kuvalisha bangili nyembamba ya kurekebishia ikiwa inapatikana kwa ukubwa huo. Upande unaorudia ugonjwa huku upande wa pili ukiwa mzima, kama ilivyo kwako, mara nyingi una kasoro ya namna hii ambayo beringi mpya haiwezi kuiponya.

Ikiwa gari lako ni la ekseli nzima, kagua pia nako kwa nyuma. Ndani ya ncha ya ekseli kuna sili inayozuia mafuta ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) yasiingie kwenye duara la nako, ambalo lina grisi na sivi jointi, yaani kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Sili hiyo ikichoka, mafuta hupenya, yakaiyeyusha grisi na kuifanya uji wa kijivu unaotiririka nje ya nako na baadaye kuingia kwenye habu. Beringi ya gurudumu inayoogelea kwenye uji huo haina kinga yoyote. Ukiona nako imelowa na difu inapungua mafuta, kubadilisha beringi ya gurudumu bila kuifungua nako ni kupoteza pesa.

Mshukiwa wa pili ni hizo rimu pana. Mtengenezaji alipanga mstari wa uzito wa gurudumu uangukie kati ya beringi mbili za habu, au katikati ya safu mbili za ile ya kipande kimoja. Rimu inayotokeza nje, au kipande cha kusogezea gurudumu nje, huusukuma mstari huo, na beringi moja ikabeba uzito mwingi huku nyingine ikipumzika. Kanuni ambayo wahandisi hukadiria kwayo umri wa beringi inasema kwamba umri hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo kwa beringi za gololi, na kwa kipeo kinachozidi tatu kidogo kwa za rola. Mzigo ukiongezeka kwa robo tu, umri hushuka hadi takriban nusu. Ongeza hapo matairi makubwa yenye uzito wake, na bampa ya chuma au winchi mbele ikiwa unayo, na utaona kwamba beringi inayotoshana na gari la kiwandani inatakiwa kufanya kazi ya gari jingine. Mzigo wa nyuma, tofauti na wengi wanavyodhani, hauilemei sana ekseli ya mbele gari likiwa kwenye mwendo tulivu, na ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma huipunguzia uzito. Hatari yake iko kwenye kufunga breki na kwenye mashimo, ambapo uzito wote hukimbilia mbele kwa kishindo. Hata hivyo, rimu ziko pande zote mbili na ugonjwa uko kushoto pekee, kwa hiyo ninaziweka kama kichocheo, wala sidhani kwamba ndizo chanzo.

Sasa kuhusu ufungaji, na hapa nitazungumzia kwanza habu ya beringi mbili za rola, maana ndiyo inayotegemea zaidi mkono wa fundi. Koni na kikombe huchakaa pamoja, basi hubadilishwa pamoja. Koni mpya juu ya kikombe cha zamani haitadumu. Kikombe cha zamani hutolewa kwa tindo butu ya shaba, ikigongwa kidogo upande huu na kidogo upande wa pili ili kisikae mshazari. Safisha kiti chake hadi chuma kitupu, kwa kuwa hata punje moja ya uchafu nyuma ya kikombe kipya huunda kinundu ambacho rola zitakigonga kila mzunguko. Kikombe kipya kigongwe kwa kifaa kinachogusa ukingo wake wote kwa pamoja. Kikombe cha zamani kilichosagwa kidogo nje kinafaa kwa kazi hii. Sikiliza nyundo wakati huo. Kikombe kikiwa bado kinashuka, kila pigo hutoa sauti hafifu na nzito, na kinapofika chini kabisa sauti hubadilika ghafla na kuwa kali na kavu, na mkono huhisi nyundo ikirudi. Hapo acha.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu, ugumu wa namba 2 kwa kipimo cha NLGI, na alama ya GC-LB kwenye kopo ni uthibitisho mzuri. Usichanganye grisi za aina tofauti ndani ya habu moja. Zile za polyurea au za udongo, zikikutana na za lithiamu, zinaweza kulainika na kukimbia. Osha ya zamani yote, halafu shindilia mpya kwenye beringi kwa kiganja kutoka upande mpana wa keji (fremu inayoshika rola) hadi itokeze upande wa pili kati ya kila rola, kuzunguka duara zima. Uwazi wa habu katikati ya beringi mbili haupaswi kujazwa pomoni. Theluthi moja hadi nusu inatosha. Grisi iliyozidi hukorogwa, hupata joto, hutanuka na kuisukuma sili hadi ikafika kwenye breki. Kwa hiyo si kweli kwamba habu yenye grisi nyingi zaidi iko salama zaidi. Sili mpya ikae mdomo wake ukielekea ndani, ukiwa umepakwa grisi kidogo usianze kazi ukiwa mkavu.

Kukaza nati ya habu ndiko kunakoamua umri wa beringi kuliko chapa iliyoandikwa kwenye boksi. Utaratibu wa kawaida ni kukaza kwa nguvu ya wastani huku habu ikizungushwa kwa mkono mbele na nyuma, ili rola zikae mahali pake na grisi ya ziada isukumwe nje, kisha kulegeza nati, kisha kuikaza tena kwa nguvu ndogo iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Watengenezaji hawakubaliani hapa. Baadhi yao wanataka mchezo mdogo sana ubaki, aghalabu kati ya milimita 0.03 na 0.13, unaopimwa kwa geji ya saa. Wengine wanataka beringi ibanwe kidogo, na hupima kwa mizani ya springi iliyonaswa kwenye stadi ya gurudumu, wakisoma nguvu inayohitajika ili habu ianze kuzunguka. Fuata kitabu cha gari lako mwenyewe. Fundi anayekaza kwa spana ndefu hadi ahisi imetosha anabahatisha, na sishangai beringi kufa mara mbili mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Baada ya kukaza, kunja washa ya kufungia juu ya nati, na ukiwa umeilegeza kwa mara nyingine, weka washa mpya.

Kama gari lako lina habu ya kipande kimoja, kanuni ni chache lakini hazisamehi. Habu isigongwe kwa nyundo, na beringi ya kushindilia iingizwe kwa mashine kwa kusukuma bangili inayokaza, kwa sababu nguvu ikipita kwenye gololi huzibonyeza njia zake kabla gari halijatembea hata hatua moja. Safisha kutu yote kwenye nako. Nati ya shafti iwe mpya na ikazwe kwa kipimo sahihi, ambacho kwenye pikapu nyingi huvuka nyutoni-mita 200. Nati hiyo ndiyo inayozibana nusu mbili za beringi pamoja, kwa hiyo gari lisishushwe chini wala kusukumwa ikiwa imelegea. Angalia pia upande wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki: beringi nyingi za siku hizi zina duara la sumaku ukingoni, na ikifungwa kinyume taa ya ABS haitazimika.

Ukiwa umefungua huko mbele, kagua mpira wa sivi jointi kama umepasuka, boljointi, na friwili (kifaa cha kuunganisha na kutenganisha habu na shafti) ikiwa ipo. Friwili ipakwe grisi nyembamba tu, kwani ikijazwa hukwama.

Kuhusu kilomita: beringi za rola za kupakwa grisi, kwa gari la barabara kavu, zihudumiwe kila kilomita 30,000 hadi 50,000 kulingana na kitabu chake. Kwa kazi yako ya matope na vijito, ningepunguza hadi nusu ya hapo, na kila gari linapozama maji yakavuka katikati ya magurudumu, ningefungua habu moja ndani ya siku chache nitazame rangi ya grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, zote zifunguliwe. Habu ya kipande kimoja haina ratiba ya grisi. Itikise na uizungushe kila unapobadilisha mafuta ya injini.

Beringi mpya ikishafungwa, kaza nati za magurudumu kwa kipimo na uzirudie baada ya kilomita 100 hivi. Baada ya safari ya kwanza isiyo na breki nyingi, pima joto la habu zote mbili za mbele. Ikiwa ya kushoto ni ya moto waziwazi kuliko ya kulia, nati imebana au kalipa haiachii, na usiendelee kuitumia hadi ijulikane ni ipi. Kwa aina ya rola, inua gari tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000 na upime upya mchezo, kwa sababu vikombe vipya na grisi mpya hutulia kidogo, na marekebisho madogo ya nati wakati huo huzuia mchezo kukua.